KUSIMIKA PROGRAMU TUMIZI KATIKA SEVA YA PAMOJA: MASHARTI YA MPANGISHAJI NA MOFOLOJIA YA KISWAHILI

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna programu tumizi ya wavuti inavyoweza kusimikwa katika seva ya pamoja, yaani seva ambamo wateja wengi hupangishwa nafasi ndogondogo na kuwekewa masharti makali. Mfano unaotumiwa ni faharasa ya matini za Kiswahili, ambayo humwezesha mtafiti kutafuta neno na kuonyeshwa kila mahali linapotokea pamoja na muktadha wake. Inadaiwa kwamba baadhi ya masharti hayo, ambayo aghalabu huachiwa mafundi, huathiri moja kwa moja matokeo ya utafiti wa lugha, na kwamba njia ya kuyakabili ni kuufanya uchanganuzi wa mofolojia kabla ya programu kuhamishiwa kwenye seva.

1.0 Utangulizi

Tasnifu nyingi za uzamili na uzamivu zinazoandikwa katika idara za Kiswahili hujengwa juu ya data iliyokusanywa kwa taabu kubwa: mahojiano yaliyonukuliwa neno kwa neno, magazeti yaliyochapwa upya, tenzi zilizonakiliwa kutoka hati za kale. Data hiyo hukaa katika kompyuta ya mwanafunzi. Akiwa na ujuzi kidogo wa kuandika programu, huitengenezea faharasa, akaionyesha siku ya kutetea tasnifu, watahini wakapendezwa. Baada ya hapo kompyuta huharibika, au mwanafunzi hupata kazi mkoani, na faharasa ile haionekani tena. Anayekuja nyuma yake huanza upya kuzichapa matini zilezile.

Njia ya kuzuia upotevu huo ni kuiweka faharasa kwenye wavuti, na wazo hili si geni. Mradi wa kamusi ya Kiswahili ulioanzishwa na Martin Benjamin katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1994 uliiweka kamusi mtandaoni wakati wavuti wenyewe ulikuwa bado mchanga. Kabla ya hapo, mwaka 1985, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alianza kuujenga mfumo wa uchanganuzi wa Kiswahili uliokuja kujulikana kama SALAMA, na mwaka 1992 alieleza katika makala jinsi mofolojia ya Kiswahili inavyoweza kuchanganuliwa kwa nadharia ya ngazi mbili ya Kimmo Koskenniemi (1983). Lakini miradi hiyo ilikuwa na vyuo vyenye seva zao na mafundi wao. Swali linaloshughulikiwa hapa ni la idara isiyokuwa na hayo.

Idara ya namna hiyo ina njia tatu. Inaweza kukodi seva nzima katika kampuni kubwa za ng'ambo, ambako malipo hudaiwa kila mwezi kwa dola na kwa kadi ya benki. Ruzuku ikiisha, seva hufungwa. Inaweza kuomba nafasi katika seva ya chuo, ambayo ni njia njema pale inapopatikana. Njia ya tatu ni kupanga katika seva ya pamoja. Wapangishaji wa aina hii wako Nairobi, Dar es Salaam na kwingineko. Bei zao zimewekwa kwa kumfikiria mwenye duka, na wengi hupokea malipo ya mwaka mzima kwa M-Pesa. Wanaisimu wenye mwelekeo wa kompyuta huidharau njia hii kwa kuwa programu zao, jinsi walivyoziandika, hukataa kufanya kazi humo. Makala haya yanaona kwamba mara nyingi kinachopaswa kubadilika ni programu.

2.0 Chumba katika Nyumba ya Kupanga

Seva ya pamoja inaeleweka vizuri zaidi ikilinganishwa na nyumba ya kupanga ya Kiswahili: ukumbi mmoja katikati, vyumba huku na huku, uani kuna bomba na jiko, na mita ya umeme ni moja. Mpangaji hupewa ufunguo wa chumba chake. Hawezi kubomoa ukuta wala kubadilisha nyaya, na akileta pasi inayokula umeme mwingi wenzake wote hukaa gizani. Kwa sababu hiyo mwenye nyumba huweka masharti, na masharti hayo si ukatili. Ndiyo yanayowezesha watu kumi kuishi mahali palipojengwa kwa ajili ya familia moja.

Vifaa vya nyumba hii vilitengenezwa kwa pamoja katika muda mfupi. Utaratibu wa CGI, unaoiwezesha seva ya wavuti kuita programu na kumpa msomaji matokeo yake, ulibuniwa mwaka 1993 katika kituo cha NCSA, Marekani. Seva ya Apache na hifadhidata ya MySQL zilianza mwaka 1995. Mwaka huohuo Rasmus Lerdorf aliitangaza hadharani PHP, aliyokuwa ameianza mwaka mmoja kabla. Paneli ya cPanel, ambayo kwayo mpangaji huendesha chumba chake bila kuandika amri, ilifuata mwaka 1996. Vifaa hivi bado ndivyo msingi wa seva za pamoja, ingawa vimebadilika sana kwa ndani.

Sifa moja ya mazingira haya inapita nyingine zote kwa umuhimu, nayo ni kwamba programu haiishi. Msomaji anapobofya, programu huzaliwa, hufanya kazi yake, hutoa ukurasa, kisha hufa. Mbofyo unaofuata huizaa upya, haikumbuki chochote. Mchakato unaojaribu kubaki hai ili kusubiri wasomaji huuawa na walinzi wa seva. Ukomo wa muda pia umewekwa: kwa chaguo-msingi PHP hukatiza programu iliyofanya kazi kwa sekunde 30, huipa kumbukumbu ya megabaiti 128, na hukubali kupakiwa faili lisilozidi megabaiti 2. Wapangishaji huvipandisha au kuvishusha viwango hivi wanavyoona. Tangu mwaka 2010, ulipotolewa mfumo wa CloudLinux, imekuwa rahisi kumwekea kila mpangaji mpaka wake wa kichakato na kumbukumbu, hata jirani mwenye pupa asiwaangushe wenzake.

Mchanganuzi wa mofolojia kama ulivyozoeleka maabarani huvunja masharti haya yote kwa pamoja. Aghalabu umeandikwa kwa Python au C. Hupakia leksikoni nzima kwenye kumbukumbu unapoanza, jambo linalochukua sekunde kadhaa. Kisha hubaki hai ili gharama ile ya mwanzo igawanyike kwa maulizo mengi. Ukisimikwa kwa njia ya CGI hulazimika kuisoma leksikoni upya kwa kila mbofyo. Ni sawa na mpishi anayekwenda sokoni kila anapoagizwa sahani moja.

3.0 Kuhusu Istilahi

Neno *kusimika* limechaguliwa hapa kwa maana ya kuiweka programu mahali pake pa kazi na kuihakikisha inasimama. Yapo pia *kusakinisha* na *kupangisha*. Inafaa kutambua kwamba istilahi hizi, zilizozuka kwa nyakati na kwa watu mbalimbali, zinaelekea upande mmoja wa kimaana. *Sakinisha* imetokana na *sakini*, kukaa mahali, pamoja na kiambishi cha usababishi. *Pangisha* nayo ina usababishi uleule juu ya mzizi wa *panga* kwa maana ya kukodi nyumba. Kiswahili kimeipokea teknolojia hii kwa sitiari ya makazi. Pale ambapo programu inatolewa katika kompyuta ya mwandishi na kupelekwa kwenye seva, makala haya yanatumia *kuhamishia*, na kwa kweli hakuna neno linalofaa zaidi, maana anayehamia chumba kidogo huchagua cha kubeba na cha kuacha.

4.0 Utafutaji na Maneno Yanayopotea

4.1 Urefu wa neno

Mwanafunzi anayehamishia faharasa yake kwenye seva ya pamoja kwa kawaida huikuta MySQL, au MariaDB ambayo ni dada yake, na huvutiwa na uwezo wake wa kutafuta matini. Anaweka matini katika jedwali, anaagiza kijengwe kielekezo cha matini, anaandika ulizo, na majibu yanakuja mara moja. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Kielekezo cha matini cha MySQL hakihifadhi maneno mafupi. Katika injini ya zamani ya MyISAM, neno lenye herufi pungufu ya nne huachwa kwa chaguo-msingi. Katika InnoDB, ambayo ilipata uwezo huu katika toleo la 5.6 mwaka 2013, huachwa neno lenye herufi pungufu ya tatu. Mwenye seva yake hubadilisha kiwango hicho katika faili la mipangilio na kuiwasha seva upya. Mpangaji hana faili hilo wala swichi hiyo.

Chukulia mtafiti anayetaka kuchunguza kihusishi cha -a unganifu katika matini za magazeti. Maumbo yake ni *wa, ya, la, cha, vya, za, kwa, pa* na *mwa*. Katika InnoDB, *cha, vya, kwa* na *mwa* yana herufi tatu, kwa hiyo yatapatikana. *Wa, ya, la, za* na *pa* yana herufi mbili, kwa hiyo hayatapatikana kamwe. Programu haitatoa onyo. Itajibu kwa utulivu kwamba *ya* imetokea mara sifuri. Kosa la wazi namna hii huenda likamshtua mtafiti mzoefu. Lakini mtafiti asiyetafuta neno moja moja, bali ameagiza apewe sentensi zote zenye kiunganifu ili azihesabu kwa ngeli, atapata jedwali lililojaa ngeli ya KI-VI na kuonyesha ngeli ya LI-YA kuwa haba sana, kisha atatafuta maelezo ya kiisimu ya jambo ambalo limesababishwa na mpangilio wa seva. Katika MyISAM hali ni mbaya zaidi, kwani viunganifu vyote tisa huanguka, pamoja na *ni, si, na, ila, tu* na *je*. Utafiti wowote wa sintaksia ya Kiswahili unaosimama juu ya kielekezo hicho umesimama hewani.

Liko pia suala la orodha ya maneno yanayopuuzwa. MySQL hupuuza maneno ambayo waundaji wake waliyaona hayana uzito, na orodha hiyo imetungwa kwa kuzingatia Kiingereza na lugha chache za Ulaya. Orodha fupi ya InnoDB ina maneno 36, na mojawapo ni *la*, kwa kuwa ni kibainishi katika Kifaransa na Kihispania. Hivyo hata pale mpangishaji angekubali kushusha kiwango cha urefu hadi mbili, *la* ya Kiswahili ingeendelea kukosekana. Orodha ndefu ya MyISAM inalo neno *same*, na kwa sababu hiyo habari zote za mji wa Same, mkoani Kilimanjaro, haziwezi kutafutwa kwa jina la mji huo. Orodha ya InnoDB mtumiaji anaweza kuibadilisha kwa jedwali lake mwenyewe. Urefu wa neno, kama ilivyoelezwa, hawezi.

4.2 Mwanzo wa neno

Tatizo la pili linatokana na umbo la lugha yenyewe. Kielekezo cha matini hukubali kutafuta kwa mwanzo wa neno. Mwingereza anayetafuta vitenzi vya kupika huandika herufi za mwanzo na kupata minyambuliko yote, kwa kuwa viambishi vya lugha yake hukaa nyuma. Mzizi wa kitenzi cha Kiswahili hufichwa katikati. Katika *hatutawapikia* (ha-tu-ta-wa-pik-i-a) mzizi unatanguliwa na mofimu nne, na hakuna kielekezo cha aina hii kinachoweza kuufikia kutoka mbele.

Wengi hukimbilia kutafuta mfuatano wa herufi *pik* popote ndani ya neno. Njia hii huilazimisha hifadhidata kusoma kila mstari tangu wa kwanza hadi wa mwisho, na katika matini nyingi huvuka muda aliopewa mpangaji. Hata ikifaulu, humletea mtafiti wa mapishi habari zote za pikipiki.

Wengine hupendekeza maumbo yote ya kila kitenzi yatungwe mapema na kuhifadhiwa. Pendekezo hili linapendeza hadi mtu apige hesabu. Viambishi vya nafsi na ngeli vinavyoweza kuanza kitenzi, vikihesabiwa kwa umbo na si kwa ngeli, ni 15: *ni, u, a, tu, m, wa, i, li, ya, ki, vi, zi, ku, pa, mu*. Njeo na hali zikichukuliwa sita tu (*na, li, ta, me, nge, ngali*), na nafasi ya yambwa ikiwa na maumbo 14 pamoja na uwezekano wa kuwa tupu, yaani 15, shina moja hutoa maumbo 1,350. Mzizi mmoja ukipewa mashina sita (*pika, pikia, pikwa, pikiwa, pikisha, pikana*) maumbo yanafika 8,100, na vitenzi 3,000 huzaa maumbo 24,300,000. Ni kweli kwamba mengi kati ya hayo hayakubaliki kisintaksia au kimaana. *Pikana* haichukui yambwa kwa urahisi, na *ninanipika* hubanwa na kirejeshi *ji*. Lakini ukanushi, urejeshi, *hu* ya mazoea na hali ya dhamira havijaguswa bado, na hivyo hurudisha zaidi ya kilichopunguzwa. Hakuna chumba cha kupanga kinachoweza kubeba mzigo huo.

4.3 Kuchanganua nyumbani

Kinachowezekana ni kuhifadhi maumbo *yanayotokea* badala ya yale *yanayowezekana*. Matini za faharasa zina mwisho; maneno yake tofauti yanahesabika. Kila neno tofauti huchanganuliwa mara moja, katika kompyuta ya mtafiti, kwa mchanganuzi wowote alionao na kwa muda wowote unaohitajika, hata kama ni usiku kucha. Panapokuwa na utata mtafiti huamua mwenyewe. Matokeo yake ni majedwali mawili. La kwanza lina kila neno tofauti, shina lake, kategoria yake na namba yake. La pili lina mstari mmoja kwa kila neno la matini, likitaja namba ya neno, namba ya hati na nafasi ya neno ndani ya hati, bila herufi hata moja. Jedwali hili la pili huwekewa kielekezo cha kawaida cha namba, si kile cha matini, na kwa kielekezo cha kawaida *ya* haina tofauti na *pikipiki*. Matini yenye maneno milioni moja huchukua makumi tu ya megabaiti kwa utaratibu huu.

Seva inabaki na kazi ndogo. Msomaji anaandika *pika*. Programu ya PHP inatafuta namba za maneno yenye shina hilo, kisha mahali namba hizo zilipo, na kuleta muktadha. Kazi hiyo huisha ndani ya sehemu ya sekunde moja.

Linabaki swali la msomaji anayeandika *wamempikia* badala ya shina. Kama neno hilo limo katika matini, limekwisha kuchanganuliwa. Kama halimo, programu ndogo ya kukata viambishi inahitajika kwenye seva, na hapa uangalifu unatakiwa. Programu inayokata kwa pupa ikilikuta *walipa* katika sentensi *raia walipa kodi* italigawa wa-li-pa, ikadhani ni *pa* ya njeo iliyopita, ilhali ni *lipa* ya wakati uliopo usiodhihirika (wa-a-lip-a). Ikilikuta *wali* itaona wa-li, na mchele uliopikwa utageuka kuwa kitenzi kishirikishi. Kwa hiyo haitoshi kuangalia kama mabaki yamo katika orodha ya mashina. Inafaa programu itoe migawo yote iliyofaulu na kumwachia msomaji achague. Kumwonyesha msomaji utata ni uaminifu zaidi kuliko kuuficha, na kwa bahati njema ni rahisi zaidi kuuandika.

Mahali pa MySQL panaweza kuchukuliwa na SQLite, iliyoandikwa na D. Richard Hipp mwaka 2000, ambayo hifadhidata yake yote ni faili moja. Kwa faharasa inayosomwa tu bila kuandikwa, hili ni chaguo bora: faili hutengenezwa nyumbani, hukaguliwa nyumbani, na huhamishwa zima. Likae nje ya folda ya *public_html*, vinginevyo mpita njia atalipakua lote.

5.0 Ng'ombe Mlangoni

Tahajia ya Kiswahili sanifu haina herufi zenye alama juu wala chini, na kwa sababu hiyo hudhaniwa kuwa haina matata katika kompyuta. Dhana hiyo inasahau king'ong'o. Alama ya ritifaa katika *ng'ombe* huandikwa kwa namna tatu katika mfumo wa Unicode: alama iliyonyooka (U+0027), alama iliyopinda ambayo programu za uandishi huiingiza zenyewe (U+2019), na herufi-ritifaa (U+02BC). Katika usimbaji wa UTF-8 ya kwanza huchukua baiti moja, ya pili tatu, na ya tatu mbili. Machoni zinafanana. Kwa hifadhidata, *ng'ombe* hao ni watatu, na mtafiti akitafuta mmoja hawapati wawili.

Dawa yake ni nyepesi: safu ya kutafutia iwe na umbo moja tu, na safu ya kuonyesha ibaki kama mwandishi alivyoandika. Lakini alama iliyonyooka ina tatizo jingine, kwani katika lugha ya SQL ndiyo inayofungua na kufunga mfuatano wa herufi. Programu inayounganisha neno la msomaji na ulizo moja kwa moja huvunjika mtu wa kwanza anapotafuta *ng'oa*. Ufa huohuo ndio wanaoupitia wavamizi, ndiyo maana ulizo halina budi kuandaliwa kwanza na neno kupelekwa kando. Hata hilo likizingatiwa, wapangishaji wengi huweka mlangoni mlinzi aitwaye ModSecurity, aliyeanza kutumika mwaka 2002, ambaye huyapima maombi kabla hayajaifikia programu. Kwa kadiri sheria zake zilivyokazwa, anaweza kulishuku neno lenye ritifaa na kulikataa kwa namba 403. Mpangaji hawezi kumwondoa mlinzi huyu. Anachoweza ni kuigeuza alama katika kivinjari kabla ya kutuma, kwa mfano kuiandika *ng-ombe*, na kuirudisha baada ya kupokewa.

Kwa matini zilizo katika hati za Kiarabu, ambazo tenzi nyingi za kale ziliandikwa, hatari ni kubwa kuliko hiyo. Hadi toleo la 8.0 la mwaka 2018, MySQL ilikuwa ikitengeneza majedwali kwa usimbaji wa Kilatini isipoelekezwa vingine. Herufi ya Kiarabu ikiingizwa humo inaweza kuhifadhiwa kama alama ya kuuliza, na ikishahifadhiwa hivyo hairudi. Kabla ya kupakia chochote, usimbaji wa jedwali *na* wa mawasiliano baina ya programu na hifadhidata utajwe wazi kuwa utf8mb4. Kutaja mmoja na kuusahau mwingine ndilo kosa la kawaida.

6.0 Siku ya Kuhama

Maktaba za programu zisizopatikana kwenye seva zikusanywe nyumbani na kubebwa pamoja na programu, kwa toleo lilelile la PHP lililoko kwa mpangishaji. Kupakia maelfu ya faili ndogo moja moja ni kuomba ajali, hasa umeme unapokatika katikati. Zifungwe katika faili moja la zip na kufunguliwa kwa kidhibiti faili cha paneli. Upakiaji ufanywe kwa SFTP au FTPS, kwani FTP ya kawaida hupeleka nenosiri likiwa wazi. Hifadhidata kubwa ikataliwe na phpMyAdmin kwa ukubwa wake, ikatwe vipande.

Kazi ndefu zisizoepukika, kama kuingiza matini mpya, hugawanywa. Foleni huwekwa katika jedwali. Ratiba ya seva huiamsha programu kila baada ya dakika kadhaa. Programu huchukua hati chache, huziingiza, huandika ilipofikia, hufa. Ikiuawa njiani haipotezi zaidi ya fungu moja. Utaratibu huu una faida ambayo haikukusudiwa: huweza kusimamishwa na kuendelezwa na mtu mwingine.

Faili lenye nenosiri la hifadhidata likae nje ya *public_html*. Ruhusa za faili ziwe 644 na za folda 755. Ushauri unaotolewa ovyo kwamba ruhusa zikiwekwa 777 kila kitu kitafanya kazi ni sawa na kuondoa mlango ili usikwame, katika nyumba ambayo majirani hawajuani.

Yapo mambo ambayo seva ya pamoja haiyawezi hata kwa hila hizi. Utambuzi wa sauti, ufasiri wa kompyuta kwa miundo mikubwa, na uchanganuzi wa matini anazoleta msomaji papo hapo kwa wingi vinahitaji seva yenye mchakato unaoishi. Idara inayokusudia hayo isipoteze muda huku.

7.0 Nani Atabaki na Ufunguo

Kipindi cha upangaji ni mwaka mmoja. Jina la kikoa nalo hulipiwa kila mwaka. Faharasa nyingi hufa kwa sababu onyo la malipo lilitumwa kwenye barua pepe ya mwanafunzi aliyekwisha kuhitimu. Kikoa kisajiliwe kwa jina la idara na kwa anwani ya ofisi, si ya mtu, na tarehe ya kulipa iingie katika kalenda ya idara kama inavyoingia tarehe ya mitihani.

Pamoja na hilo, maktaba ya idara ihifadhi folda yenye matini ghafi, majedwali yaliyochanganuliwa yakiwa katika faili la maandishi matupu ambalo programu yoyote inaweza kulisoma, programu yenyewe, na ukurasa mmoja unaoeleza hatua za kuisimika kwa utaratibu. Ukurasa huo ujaribiwe kabla mwanafunzi hajakabidhi tasnifu yake: apewe mwenzake ambaye hakushiriki katika kazi, pamoja na chumba kitupu kwa mpangishaji mwingine, naye aisimike faharasa bila kumuuliza mwenyewe neno lolote. Atakapokwama, sentensi iliyomkwamisha iandikwe upya, kisha apewe mtu wa pili.